Sampuli ya Pili

Miaka kumi na tisa nimepima mawe ya watu.
Gunia linafunguliwa, unga wa kijani unachotwa,
unachanganywa, unagawanywa mafungu matatu:
hili la muuzaji, hili la mnunuzi,
na la tatu tunalitia lakiri, tunalifungia kabatini
kwa ajili ya siku watakayobishana.
Hakuna aliyewahi kununa kwa hilo.
Shaba haioni haya kupimwa mara mbili.

Kumbe titi lina haya.

Dokta Kasweka alisema akiwa amesimama,
kalamu imekwisha kurudi mfukoni:
ni saratani, tulikate lote, Alhamisi ijayo,
lete shuka mbili na mtu wa kutoa damu.
Niliitikia "ndiyo, Dokta" kama mtoto wa shule.
Nilifika kwa wauza makaa, nje ya lango,
ndipo mdomo ukakumbuka kuuliza.

"Unamshuku?" alisema wifi yangu Mbuyu,
akisonga bukari kana kwamba sufuria imemkosea.
"Ukimwendea wa pili umemtukana wa kwanza."
Mume wangu hakusema kitu.
Alitoka kwenda kuziba tairi la baiskeli
lililokuwa zima.

Usiku nililishika.
Njugu mawe moja, imejificha upande wa kwapa.
Haiumi. Ingeuma
ningeichukia vizuri zaidi.

Jumatatu nilirudi, mikono nyuma kama mwizi wa kuku.
"Dokta, naomba kipande changu."
Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alinitazama kitambo,
akaita maabara.
Wakanipa kiboksi kilichokuwa cha sindano:
vioo viwili, na kijiti cha nta
na mimi ndani yake, mdogo, rangi ya chai ya maziwa.
Juu kwa wino: NGOIE MWAD, 51, KUSHOTO.
Hata gunia huandikwa zaidi ya hapo.
Nikaongeza kwa mkono wangu: nimefunga mwenyewe.

Kasumbalesa, malori ya shaba yamelala foleni,
madereva wanapika chini ya matrela.
Afisa wa forodha akagonga kiboksi kwa ukucha.
"Nini?"
"Sampuli."
"Ya mgodi gani?"
"Yangu."
Hakuelewa. Kisha akaelewa, akavuta fomu,
na fomu ina mstari wa thamani.
"Andika bado haijapimwa vizuri," nikasema.
Akaandika sifuri, maana mstari hauwezi kubaki wazi,
halafu akanisukumia kiti chake.

Ndola, siku tisa kwenye mkeka wa binamu.
Mama wa maabara, miwani imefungwa kwa uzi,
Kibemba chake nakishika nusu,
akaniinamisha kwenye darubini:
mbegu za zambarau, zimesongamana, hazina adabu.
"Jina ni lile lile," alisema.
Magoti yangu yalikuwa yamesafiri njia yote
yakitumaini jina jingine. Siwezi kudanganya.
Ila hii inakula homoni, akaeleza,
nayo ina dawa yake. Dawa kwanza, inywee,
kisu baadaye, labda kisu kidogo.
Labda, alirudia,
nisije nikaibeba kama ndiyo.

Labda. Nilivuka nayo mpaka bila kuitangaza.

Dokta Kasweka alisoma karatasi amekaa.
Sikuwahi kumwona amekaa.
Alisoma, akaigeuza, akasoma na upande mtupu.
"Hicho kipimo hapa kwetu hatuna," alisema.
"Angekuwa mama yangu, ningempeleka huko huko."
Nilikuwa na swali. Lori likapita,
dirisha likatetemeka, swali likapita nalo.
Tukaanza kuhesabu tarehe.

Nta sikuirudisha.
Iko nyumbani Kamalondo, nyuma ya vikombe vya wageni.
Mume wangu ameiona. Jana, akikausha sahani,
aliuliza kama anaweza kuisogeza.
Nikamwambia isogeze polepole,
ina lakiri.